Dawa za Nyumba Nzima kwa Kigimbi Kimoja

Katika nyumba ya kupanga ya Magomeni mtu haugui peke yake. Yetu ni ile nyumba ya Kiswahili inayojulikana Dar es Salaam yote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu na choo cha watu wote. Kuta za vyumba zimeishia chini ya paa bila kuligusa, kwa hiyo anayekohoa chumba cha kwanza hupewa pole na chumba cha sita, na anayeota kwa sauti huikuta ndoto yake inajadiliwa kwenye chai kabla hajanawa uso. Ndiyo maana maradhi yangu, ambayo ningependa yabaki siri kati yangu na godoro, yalifahamika kwa nyumba nzima tangu usiku wa kwanza nilipopiga ukelele.

Maradhi yenyewe ni kubanwa na misuli ya kigimbi wakati wa usiku. Anayeyajua hahitaji maelezo. Asiyeyajua na aelewe kwamba nyama ya nyuma ya mguu hujikusanya ghafla ikawa donge gumu, vidole vya mguu huelekea chini bila idhini ya mwenyewe, na mwenye mguu huamka akiwa tayari analia, kabla hajajua analilia nini. Hali hiyo huweza kudumu sekunde chache au dakika kadhaa, kisha donge hulegea lenyewe na kuacha maumivu ya kumchechemeza mtu siku nzima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Asubuhi nasimama ubaoni, jioni nasimama ndani ya daladala, na umri wangu umeshavuka hamsini. Wataalamu wanasema kwamba umri, kusimama muda mrefu, ujauzito, maradhi ya figo na baadhi ya dawa, hasa dawa za presha zinazoongeza mkojo, huweza kuchangia, ingawa kwa watu wengi chanzo halisi hakionekani, isipokuwa kwamba neva zinazouamuru msuli huanza kutoa amri ovyo wakati mwenyewe amelala. Suala la ujauzito niliweza kuliondoa katika hesabu bila kumwona daktari.

Asubuhi ile nilipotoka kwenda uani nikichechemea, mswaki mkononi, kikao kilikuwa kimeshaanza bila mgonjwa. Bi Mkubwa mwenye nyumba alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, mama wa chumba cha pili alikuwa anasukuma chapati zake za kuuza, na mzee mstaafu wa reli alikuwa amevuta kiti chake mpaka mahali ambapo maneno ya kila upande yangemfikia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mguu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ni mguu.

"Hiyo ni baridi imeingia," aliongeza, nasi tulikuwa katika mwezi wa Februari, ambapo katika jiji hili watu hulala sakafuni wakitafuta ubaridi huo kwa udi na uvumba wasiupate.

Hapa sina budi kueleza sheria moja isiyoandikwa katika mkataba wowote wa pango, nayo ni kwamba dawa ya jirani haikataliwi. Ukiikataa ya mwenye nyumba, umeidharau nyumba. Ukiikubali ya mwenye nyumba na kuikataa ya muuza chapati, umewapanga watu madaraja, na chapati utakayouziwa tangu siku hiyo itakuwa ile ya chini kabisa ya bakuli, iliyopoa tangu alfajiri. Zaidi ya hayo, kila mtoa dawa hufuatilia. Asubuhi utaulizwa kama uliitumia, utaulizwa uliitumia kiasi gani, na ukijaribu kuongopa, kuta zisizofika paa zitakuumbua.

Wa kwanza kuzungumza, kwa haki ya umri, alikuwa mzee wa reli. Alikuwa gadi wa treni katika Reli ya Kati kwa miaka mingi, na mpaka leo huitunza filimbi yake ya kazi ikining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, jambo ambalo ninamwomba msomaji alikumbuke. Kwa mzee huyu dawa ni moja tu ulimwenguni, nayo ni kwinini. Alitusimulia habari za magome ya mkwinini, habari za miti hiyo iliyopandwa Amani katika milima ya Usambara enzi za Wajerumani, habari za uchungu wake na jinsi masikio ya anayeimeza yanavyovuma, akahitimisha kwamba kizazi cha sasa kinabanwa miguu kwa sababu kimeacha kumeza vitu vichungu. Hakuwa anabuni. Kwinini ilitumika kweli kwa miaka mingi huko Ulaya na Marekani kwa ajili ya miguu inayobana usiku, na zipo tafiti zinazoonyesha kwamba inasaidia kidogo. Tatizo ni kwamba inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kupunguza chembe zinazoisaidia damu kuganda, na ndiyo sababu mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza isiuzwe tena bila cheti kwa ajili ya miguu. Dada wa duka la dawa la mtaani kwetu alilieleza jambo hilo hilo kwa ufupi zaidi: "Mwalimu, kwa mguu siuzi." Nikamrudia mzee na upatanisho, yaani soda ya toniki, ambayo nayo ina kwinini ndani yake. Sikumwambia kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa huko Marekani ni miligramu 83 kwa lita, kwa hiyo ili nifikie miligramu 300 za kidonge kimoja ningelazimika kunywa zaidi ya lita tatu na nusu, nami ndiye mpangaji ambaye chumba chake kiko mbali zaidi na choo. Mzee alionja, akakunja uso kwa furaha, akaiidhinisha.

Bi Mkubwa hakuhitaji kumtuma mtu dukani. Juu ya bati la jikoni, mwaka mzima, hukaa chupa yake kubwa ya achari ikipigwa jua, na ndani yake kuna ndimu, chumvi, pilipili kichaa, na muda. Alinikabidhi glasi ya maji ya achari hiyo, iliyofunikwa kwa kisahani, na maagizo mafupi: "Ukibanwa, piga funda moja kubwa. Usionje. Ukionja utaghairi."

Mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu pale Mlimani na ambaye huja kwangu kila wikiendi kwa kisingizio cha kunisalimia, alicheka, kisha akafungua simu yake ili atuonyeshe kwamba mambo hayo ni ya kizamani, na hapo ndipo aliponyamaza. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo vijana walioendeshwa baiskeli mpaka wakapungukiwa maji mwilini walichochewa kwa umeme hadi msuli wa kidole gumba cha mguu ukabana, wakanyweshwa maji ya achari ya matango, na mbano ukaachia kwa wastani wa sekunde 85 hivi, haraka kuliko kwa maji ya kawaida. Kwa jinsi ilivyokuwa haraka, chumvi isingeweza kuwa imeshafika kwenye damu, kwa hiyo wakadhani kwamba ule ukali hugutusha neva za kooni, nazo huzituliza neva zilizokuwa zinaubana msuli. Isitoshe, Roderick MacKinnon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, alianza kuvichunguza vitu vikali, tangawizi, mdalasini na pilipili, baada ya yeye mwenyewe kubanwa na misuli baharini akipiga kasia. Mpwa wangu alipomaliza kusoma, Bi Mkubwa aliuliza bwana huyo anakaa wapi, akaambiwa Marekani.

"Sijui nani alimfikishia," alisema, akaendelea kukuna nazi.

Waliobaki sitawachelewesha. Mama wa chapati alileta ndizi mbivu, karibu chane nzima, akisimamia hoja ya potasiamu aliyoisikia redioni. Ndizi moja ina miligramu mia nne na ushei, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na mama huyu, bila kupiga hesabu yoyote, alikuwa ameleta idadi iliyokaribia kutosha, kwa sharti kwamba nizimalize kabla ya kulala. Kijana wa bodaboda alinipa kichupa cha mafuta ya karafuu ya kuchulia. Mpwa wangu, asiyetaka kupitwa, alisoma tena kwamba huko Marekani wapo watu wanaolala na kipande cha sabuni chini ya shuka na kuapa kwamba hawabanwi tena, ingawa hakuna aliyeweza kueleza sabuni hiyo hufanya nini. Kwa kuwa hatukuwa na kisu karibu, alichukua mche mzima wa sabuni ya kufulia akausukumia chini ya shuka upande wa miguuni.

Fundi seremala wa chumba cha nne, ambaye huliona kila tatizo la dunia kuwa ni la mbao, misumari na pembe, ndiye aliyekuja na mpango wenye mantiki. Alisema kwamba mtu akilala, nyayo huinama chini, kigimbi hufupika, na msuli uliofupika ndio unaobana kwa urahisi. Kwa hiyo wayo uzuiliwe usiiname. Aliazima khanga ya Bi Mkubwa, akaizungusha kwenye wayo wangu wa kulia, ambao ndio uliokuwa mgonjwa, akazivuta ncha zake mpaka vidole vikanitazama usoni, kisha akazifunga kwenye mbao ya ubavu wa kitanda kwa fundo alilosema hutumiwa kufungia mzigo wa magogo. Khanga ilikuwa na maandishi: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Nililala nikiyasoma.

Alikuwapo pia mtoto wa mama wa chapati, ambaye yuko darasa la tano na mimi ndiye mwalimu wake, mchezaji hodari wa chandimu katika uchochoro wa nyuma. Yeye alisema kwamba, mwalimu, mguu si unakunjwa tu, maana wachezaji wakibanwa uwanjani mwenzao huwakunja mguu wakaendelea kucheza. Alitumwa akateke maji. Watu wazima walikuwa wanazungumza.

Kwa haki kwa wote, nilizitumia dawa zote usiku mmoja. Nilikula ndizi, nikanywa toniki, nikajichua kwa mafuta ya karafuu hadi mapajani, nikaiweka glasi ya achari juu ya kigoda karibu na kichwa, nikaichomeka chandarua chini ya godoro pande zote, nikajifunika, nikiwa nimevaa kikoi tu kwa sababu ya joto, mguu mmoja umefungwa kitandani na sabuni ikinigusa kisigino. Feni ilizunguka kidogo kisha umeme ukakatika. Nikalala.

Saa nane na ushei nilibanwa. Kigimbi cha kulia, kile kilichofungwa, kilichochuliwa na kuombewa na nyumba nzima, kilikuwa kimelala usingizi wa amani. Kilichobana kilikuwa cha kushoto.

Mwili uliobanwa haushauriani na kumbukumbu. Niliruka kitandani kwa nguvu zangu zote ili nisimame sakafuni, na sehemu yangu kubwa ilifika, lakini mguu wa kulia ulikuwa na miadi mingine. Nilijikuta kichwa na mabega viko chini, kiuno kiko hewani, mguu wa kulia uko kitandani kwa amri ya fundi, na wa kushoto umekakamaa ukielekea kwenye boriti. Chandarua ilichomoka juu pamoja na misumari yake ikanifunika, shuka lilifuatana nami, na mche wa sabuni ulioachwa bila pa kujificha ukaanguka kwa kishindo na kuteleza mpaka mlangoni. Kila nilipojivuta, kitanda nacho kilijivuta, na kitanda cha mninga kikikokotwa juu ya saruji usiku wa manane hutoa mlio ambao sitamani kuusikia tena.

Katika hali hiyo nilikumbuka maagizo: funda moja kubwa, usionje. Niliipapasa glasi nikaimwaga yote kinywani, nikiwa kichwa chini. Sehemu ya achari ilipita njia yake, sehemu ilipita puani, na kipande cha pilipili kichaa kilisimama njiapanda kikitafakari. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mikono iliyojaa mafuta ya karafuu. Kuanzia hapo sikuona tena, na sauti iliyotoka kooni mwangu, kwa ushahidi wa watu watano, haikuwa yangu.

"Mwizi!" alipiga kelele mama wa chapati.

Mzee wa reli hakuuliza kituo wala saa. Alinyoosha mkono kwenye msumari, akaitwaa filimbi, akapuliza kwa mapafu ya mtu aliyewahi kuiruhusu treni ya kwenda Kigoma kuondoka stesheni, na mtaa mzima, ambao katika masuala ya filimbi za usiku una utaratibu wake wa ulinzi shirikishi, ukaitika. Nilisikia milango, nilisikia mbwa, nilisikia fimbo zikigongwa kwenye baraza na watu wakiulizana amepita wapi. Wakati huo huo kigimbi hakikuwa kimeachia hata kidogo, jambo ambalo ninawaachia watafiti wa achari walitolee maelezo.

Mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Kijana wa bodaboda alipanda juu ya kiti, akajishika juu ya ukuta na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Alichokiona, kwa haki, kingemtisha yeyote: kitu cheupe kinafurukuta sakafuni, kimefungwa mguu, kinakoroma, na chumba chote kinanuka karafuu.

"Si mwizi," alisema kwa sauti ya chini, ambayo kila mtu aliisikia. "Mwalimu ana jini."

Bi Mkubwa alichukua uongozi mara moja. Kijana aliamriwa aruke ndani afungue komeo. Akaruka, akaikanyaga sabuni, akapita chini ya kitanda changu kwa kasi na kutokea upande wa pili, huko akatulia, akisema kwamba kumbe yako mawili. Fundi aliusukuma mlango kwa bega ukafunguka. Mama wa chapati alileta makaa jikoni, ubani ukatiwa, na moshi ukaungana na karafuu ndani ya macho yangu ambayo yalikuwa yameshajaa.

Wenye mazoea ya mambo haya wanajua kwamba jini halifukuzwi kabla ya kuhojiwa. Bi Mkubwa alisimama umbali wa heshima, akauliza kwa sauti ya kistaarabu:

"Wewe ni nani?"

Kooni mwangu pilipili ilikuwa imeshafanya uamuzi. "Maji!" nilisema.

"La baharini," Bi Mkubwa aliwafafanulia wengine. "Si baya sana hilo. Umefuata nini kwa mwalimu?"

"Mguu! Mguu!"

"Mguu wake umekukosea nini? Nani amekutuma?"

Nilikuwa nimekumbuka kwamba ni mtu mmoja tu ndani ya chumba kile aliyejua namna ya kulifungua lile fundo la magogo, kwa hiyo nikamwita kwa pumzi yote iliyobaki: "Fundi! Fundi!"

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Ilijulikana kwamba fundi alikuwa anadai fedha za kabati ambalo sikulimaliza kulipa, na ilijulikana pia kwamba yeye ndiye aliyenifunga kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Watu wawili waliokuja na fimbo kwa ajili ya mwizi waligeuka kumtazama. Fundi alianza kujitetea, akaapa kwa jina la baba yake aliyeko Tanga, na kutaja Tanga kwa wakati ule hakukumsaidia hata kidogo.

Katikati ya mashauri hayo mtu mdogo alipita chini ya mikono ya wakubwa, akapiga goti, akakishika kisigino changu cha kushoto kwa mkono mmoja, akaliweka goti langu sawa likanyooka, na kwa kifua chake akausukuma wayo wangu uelekee kwenye ugoko, taratibu, bila kuachia. Donge lililegea. Nilihisi nyama ikirudi mahali pake nusu kwa nusu, na nikavuta pumzi ambayo Bi Mkubwa aliipokea kwa kusema, "Limetoka."

"Tulia kidogo, mwalimu, usisimame haraka, litarudi," alisema mtoto, ambaye huambiwa hayo hayo na kocha wake wa mtaani.

Ilibaki kazi ya kunifungua. Fundo, kutokana na jinsi nilivyolivuta, lilikuwa limekaza kiasi kwamba hata aliyelifunga hakuliweza, na Bi Mkubwa alikataa katakata khanga yake isikatwe, maana ni ya doti moja na mwenzake iko sandukuni. Fundi, aliyetaka sana kuonyesha manufaa yake kwa jamii, alikwenda kuchukua msumeno. Hivyo kilichokatwa ni ubavu wa kitanda cha mninga, na khanga ikarudi kwa mwenyewe ikiwa salama, pamoja na kipande cha mbao.

Asubuhi uani kulikuwa na furaha ambayo sikuitegemea, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Bi Mkubwa alisema kwamba bila achari nisingepata nguvu ya kupiga kelele. Mama wa chapati alisema kwamba ndizi zilifika mguu mmoja tu kwa sababu niliacha mbili. Mpwa wangu aliishika sabuni, ikiwa na alama ya kisigino cha bodaboda, akasema kwamba ilikuwa upande wa kulia na mguu wa kulia haukubana. Fundi alitumia hoja hiyo hiyo kwa khanga yake, na sina budi kukiri kwamba hoja ya fundi ilikuwa ngumu kuijibu. Mzee wa reli hakudai lolote; alisema tu kwamba toniki si kwinini.

Nilikwenda zahanati kwa mguu wangu mwenyewe. Daktari, mama mpole mwenye miwani, aliuliza ninameza dawa gani, akapima presha na sukari, akalinganisha vigimbi viwili kuona kama kimoja kimevimba, kina joto au kimekuwa chekundu, maana hiyo ingekuwa habari nyingine ya kuganda kwa damu, kisha akauliza kwa nini ninanuka karafuu. Nilimweleza yote. Aliinama kuandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kuhusu vidonge vya magnesiamu ambavyo wengi huvinunua, alisema kwamba mapitio ya tafiti yanaonyesha haviwasaidii sana watu wazima wenye tatizo hili. Alichonipa ni zoezi: kusimama mbele ya ukuta kabla ya kulala, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, na kuegemea mbele mpaka kigimbi kivutike bila kuuma, jambo lililojaribiwa Uholanzi kwa watu waliovuka miaka 55, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba waliojinyoosha kila usiku kwa wiki sita walipungukiwa na mibano. Na nikibanwa, akasema, mtu aukunje wayo kuelekea kwenye ugoko. Nikamwambia kwamba ninaye mtu.

Sasa ninajinyoosha kila usiku, nikiusukuma ukuta wa fundi, ambaye hugonga upande wa pili kuuliza kama ninahama. Nabanwa mara chache zaidi, na ninapobanwa nauvuta wayo mwenyewe kwa mkono kabla mzee hajafika kwenye msumari.

Wiki hiyo darasa la tano walikuwa na insha, na mada, niliyoiandika ubaoni kabla ya matukio haya, ilikuwa "Siku Nisiyoisahau." Mtoto wa mama wa chapati aliandika kurasa tatu. Aya zilipangika, alama za uandishi zilikaa mahali pake, methali ilinukuliwa bila kosa kutoka kwenye khanga, na palikuwa na tashbiha moja, "mwalimu alifurukuta kama papa ndani ya jarife," niliyolazimika kuipigia mstari kwa sifa. Nilimpa alama 18 kati ya 20. Mbili nilizikata kwa sababu aliandika kwamba mwalimu alimwita mama yake mzazi mara kadhaa huku akilia, nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba mwandishi asitie chumvi katika habari ya kweli. Jioni ile ile mama wa chapati, ambaye alikuwapo na ana masikio mazuri, alinisimamisha uani mbele ya watu akiwa na daftari mkononi, nami nikazirudisha alama zote mbili.